Siku Watu Walipoacha Kubishania Mawingu

Nyinyi vijana mliopanga kibanda changu pale Rahaleo, Mtwara, mmenitumia ujumbe mkiuliza ile sufuria nyeusi mliyoikuta chini ya meza ni ya nini, na kama mnaweza kuisugua mkachemshia chai. Msithubutu. Ile ni sufuria ya gundi, na imepitiwa na ngozi za wanyama wengi kuliko bucha lolote la mji huu. Nilitaka kuwajibu kwa maneno mawili tu nikalale. Lakini magoti yamenikalisha nyumbani, haraka sina, na nyinyi nasikia mnaishi kwa picha, hata kama za kwenu zinatoka kwenye mashine zikiwa zimeshakauka. Basi acha niwaambie kazi iliyofanyika humo kabla mashine yenu haijaingia.

Mimi Somoe ni fundi turubai. Nilianza kwa kushona vitu vizito ambavyo mafundi wa magauni wanavikimbia: vifuniko vya viti vya baiskeli, mabegi ya shule, maturubai ya magari ya mizigo. Halafu, kwa miaka mingi mpaka nilipostaafu, kazi yangu kubwa ikawa kuandaa maturubai ya kuchorea ya mtu mmoja tu, mchoraji wa Kiholanzi aliyekuwa akiishi Mikindani. Jina lake Gerrit, ila watu wa huku walimwita Mzee Mawingu, na mtaona sababu yake sasa hivi.

Siku ya kwanza aliingia kibandani na picha iliyochanika. Upepo uliing'oa kwenye kigingi chake, ule mti wa miguu mitatu anaoegemezea picha akichora, ukaitupa kwenye uzio wa miiba. Mrefu, mwekundu shingoni, kofia ya ukindu. Akaniuliza kwa Kiswahili kizuri ila kigumu kigumu, "Fundi, unaweza kushona mbingu?"

Nikamwambia nikiiona nitajua. Akailaza mezani, na kweli palipochanika ni mbinguni, kwa sababu picha yote ilikuwa mbingu. Chini kabisa kulikuwa na ardhi, ukanda mwembamba kama pindo la kanga, na juu yake mawingu, mawingu, mawingu. Mimi nilidhani bado hajamaliza. Nikaitia kiraka kwa nyuma, nikakibandika badala ya kukishona, maana sindano ingeacha matundu mbele. Aliigeuza picha, akakitazama kile kiraka muda mrefu kuliko nilivyoitazama picha yake. Kesho yake akarudi na jora la marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba, akasema anataka nimfundishe mkono wangu na yeye anifundishe gundi yake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana mnasema mnataka siku moja kujaribu picha za mkono. Kitambaa cha marekani kifueni kwanza mpaka wanga wote utoke, la sivyo gundi haishiki. Kikikauka, kivutieni kwenye fremu ya mbao kavu kweli kweli. Msianzie kwenye pembe. Anzeni katikati ya kila upande, msumari huku, msumari ng'ambo yake, mkisogea kuelekea pembeni, na pembe ziwe za mwisho kabisa. Huku kwetu masika gundi hunyonya unyevu na kitambaa hulegea, kiangazi hukaza. Mkilivuta turubai kwa nguvu zote wakati wa mvua, jua likija litaipinda fremu. Wekeni kabari ndogo za mti kwenye pembe, mnazigonga kidogo kidogo kadiri hali ya hewa inavyotaka. Gundi yenyewe ni vipande vikavu vya ngozi iliyochemshwa; ilowesheni jioni, asubuhi mtaikuta imevimba. Ipasheni moto juu ya maji, isichemke hata kidogo, ikichemka imekufa. Baada ya kupaka gundi ndipo mnapaka ile nyeupe, chaki na rangi, mnapiga msasa, mnapaka tena. Mkimaliza, ligongeni kwa kidole. Likilia kama ngoma ndogo, limekubali.

Haya yote niliyajua kwa kuyakosea. Kuna msimu gundi yake iliyokuwa ikitoka kwao ilichelewa, nami nikajiona mjanja, nikatumia uji wa muhogo. Ulishika vizuri ajabu. Alichora juu yake picha ya mashamba ya korosho ya Nanyamba, akaiacha ukutani, akasafiri. Aliporudi panya walikuwa wamekula mbingu yote, wakaiacha mikorosho ikiwa imesimama peke yake. Nilingoja kufukuzwa. Yeye alivuta kiti, akakaa mbele ya lile tundu, akasema, "Panya wana macho mazuri. Wamechagua sehemu bora." Alicheka mpaka akakohoa, nami kuanzia siku hiyo nilimpenda kama mtu wa kwetu.

Kwa nini mbingu? Nilimuuliza mara nyingi, kila mara alinijibu kipande. Kwao ni nchi tambarare iliyo chini ya usawa wa bahari, na baba yake alikuwa kibarua wa kulinda matuta yanayozuia maji yasiingie mashambani. "Kwetu ardhi imetengenezwa na watu," aliniambia. "Mbingu tu ndiyo imekuja yenyewe." Utoto wake wote aliona mifereji, ng'ombe na mawingu, na ng'ombe walimchosha mapema. Alijifunza kuchora, akafundisha shule, akafiwa na mkewe, akaja Mtwara kumtembelea rafiki aliyekuwa akichimba visima. Rafiki akampeleka kule Ruvuma inakomwagika baharini, pale nchi inapokuwa bapa, matope, mikoko mifupi, na juu yake mawingu yamepangana mpaka Msumbiji. Aliniambia alisimama pale akasema, "Hapa ni kwetu, ila joto limezidi." Rafiki aliondoka, yeye akabaki.

Alikuwa na mambo yake. Mvua ikianza, watu wote wanakimbilia ndani, yeye anakimbilia nje. Siku ya jua kali hachori, analala. Rangi nyeusi hakuinunua maishani mwake. Kijivu alikitengeneza kwa kuchanganya buluu na kahawia, na akikuonesha vijivu vyake utadhani ni watu wa ukoo mmoja, kila mmoja na sura yake. Kila picha aliianza juu. "Anza na mbingu," alikuwa akisema, "ardhi itajipatia nafasi yake." Wakulima wa Nanyamba walimlalamikia kwamba mikorosho yao kaifanya mchicha.

Lakini jambo lake kubwa, na hili ndilo nataka mlishike, ni namna alivyozipima picha zake. Hakuwapelekea wataalamu. Akimaliza picha, tunakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka Kitaya, kijiji kilichopo ukingoni mwa Ruvuma, anaiegemeza picha kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, anakaa pembeni kwenye kigoda chake, ananyamaza. Watu wa Kitaya wanalima mpunga, maisha yao yapo mawinguni. Anapita mmoja, anasimama. "Hii mvua ya kesho." Mwingine anasema, "Kesho wapi? Hilo wingu limeshamwaga kule ng'ambo, hapa tunapata upepo tu." Wa tatu anawaona wote wajinga. Nusu saa haipiti wameshashikana mashati kwa ajili ya mvua iliyochorwa, na Mzee Mawingu pale pembeni anang'aa kama bwana harusi. Wakibishana, picha imepita. Wakiuliza kama lile ni wingu au moshi, tunaifunga tunarudi nayo nyumbani.

Na hukohuko Kitaya ndiko alikopata mtani. Mara yake ya kwanza kufika, wazee walimuuliza kabila lake. Akasema Mholanzi. Wakauliza, na watani wa Waholanzi ni kina nani? Akafikiri, akasema hawana. Nakwambieni, watu walimhurumia kuliko mtu aliyesema hana watoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga akaacha kupepeta. "Sasa nzee, siku ukifa nani atakucheka?"

Huyo ndiye Bi Atija, Mmakua aliyezaliwa ng'ambo ya pili ya mto, akavuka akiwa msichana wakati wa vita vya Msumbiji, akaolewa Kitaya; kwa lafudhi yake mzee ni nzee na mtani ni ntani. Bi Atija akainuka, akajikung'uta pumba, akasema mbele ya watu wote, "Basi mimi ndo ntani wako. Kuanzia leo nikikukuta na kuku, kuku wangu. Ukilala maiti, nitakuja kukusema mpaka ufufuke kwa aibu." Mzee akajibu, "Na wewe ukitangulia, nachukua sufuria zako zote." Kijiji kilipiga makofi. Toka siku hiyo hawakusalimiana kwa heshima tena. Ilikuwa matusi ya mapenzi kuanzia barazani mpaka kwenye gari. Na ahadi ile Bi Atija aliitimiza. Siku tuliyomzika Mzee Mikindani alikuja na kofia ya ukindu kichwani, akakalia kile kigoda, akajifanya anachora hewa, watu wakashindwa kulia.

Nimeruka mbele. Turudi nyuma, kwenye ugomvi uliotupata mimi na Mzee.

Ugomvi ulianzia kwenye turubai. Asubuhi moja nilimpelekea maturubai mapya, akayapeleka dirishani, akaniita. "Somoe, umebadilisha chaki?" Nikasema sijabadilisha. "Yana manjano." Niliyatazama, nikaona meupe, lakini mimi ni nani? Yeye ndiye mwenye macho ya picha. Nikayarudisha, nikapiga msasa, nikapaka upya kwa chaki mpya kabisa. Akasema bado. Nikabadilisha gundi. Bado. Nikahisi labda ni maji ya bomba, nikaanza kutumia ya mvua. Bado. Sikuwa nalala vizuri, wanangu. Mtu akikwambia kila unachokigusa kinachafuka, unaanza kunusa mikono yako mwenyewe.

Kisha akaanza kusema kwamba hata picha za zamani zimeharibika. Kazi yake yote iliyokuwa ukutani Mikindani, mawingu ya miaka mingi, sasa aliyaona yamepigwa na ukungu wa kahawia. Alisema ni gundi yangu inapanda kutoka chini na kuzila rangi. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi. Akaniambia ataagiza maturubai yaliyokwisha tengenezwa kwao, na mimi nipumzike kidogo. Nilijua maana ya kupumzika huko. Ilikuwa ni kazi yangu inaondoka, na jina langu linabaki nyuma kwamba Somoe aliharibu picha za Mzungu wa watu.

Yale ya kwao yalipofika aliyafungua, akayaona nayo manjano. Akasema yamechomwa jua njiani. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimefurahi mno kwamba si mimi peke yangu.

Kulikuwa na mengine. Athumani, dobi wa pale Mikindani, alikuwa karibu kulia. Kila shati jeupe alilompelekea Mzee lilirudishwa likafuliwe upya. Muuza maziwa aliambiwa anachanganya na kitu. Sisi tulisema Mzee anazeeka, amekuwa mgumu. Na picha mpya alizochora zilikuwa na buluu kali, buluu ya ndoo ya plastiki. Mimi nikadhani ni utaalamu mpya, wachoraji wana mambo yao.

Kilichonitia hofu ni pale alipoanza kuzishusha za zamani ukutani na kuzirekebisha. Moja moja. Anaiweka picha kwenye kigingi, anachanganya ile buluu, anapaka juu ya vijivu vyote vile vya ukoo mmoja, mpaka mbingu inakuwa kama lango lililopakwa rangi juzi. Nilisimama mlangoni nikamwona anaifanya hivyo picha ya mdomo wa Ruvuma, ile niliyoipenda kuliko zote, na nikaona mawingu yanakufa mbele yangu. Nilisema, "Mzee, hii ilikuwa nzuri." Akajibu, "Ilikuwa, Somoe. Kabla gundi haijaila." Ningejibu nini? Mtu mzima kuliko baba yangu, bosi wangu, na kosa anasema langu. Niliondoka nikalia njiani mpaka Rahaleo.

Alizirekebisha karibu zote. Ikabaki picha kubwa ya Kitaya, iliyo na mashamba ya mpunga chini na wingu moja zito linalokuja kutoka ng'ambo, ambayo siku ilipopelekwa kijijini ilisababisha ndugu wawili wasisemeshane mpaka mavuno. Hiyo alitaka kuirekebisha palepale Kitaya, mbele ya mbingu yenyewe, asikosee. Akanichukua nimsaidie kufunga na kufungua. Akachukua na picha mpya mbili aonyeshe watu.

Tulifika, akaziegemeza zile mpya ukutani kwa Bi Atija kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda. Watu wakaja. Wakatazama. Hakuna aliyesema kesho, hakuna aliyesema ng'ambo. Mmoja akakohoa. "Nzuri sana, Mzee." Mwingine, "Hongera, Mzee, rangi imekolea." Wakazipita picha kama watu wanaopita msibani wasipojua marehemu ni nani. Watu wale hawakuwa waongo. Walikuwa na adabu. Huku kwetu mzee hajulishwi kasoro yake hadharani, na ya mwilini ndiyo kabisa. Utamwambia picha nzuri, utamwombea afya, utaenda zako. Kila mtu wa Mikindani na Kitaya aliyeziona picha zile alikuwa ameshamwambia ni nzuri sana. Kwa adabu yetu hiyo tulikuwa tunamwacha azimalize zote.

Mzee alifurahi kwa sifa, au alijaribu. Akaifungua ile kubwa, akaiweka kigingini, akawaeleza watu kwamba gundi ya turubai imeila, akaanza kukamua buluu yake.

Bi Atija alikuwa jikoni, ametoka kutwanga. Alitoka na ungo wa unga wa muhogo, mweupe hata ukiutazama juani unaumiza macho, maana wanawake wa kule wanashindana kwa weupe wa unga kama wengine wanavyoshindana kwa dhahabu. Alisimama nyuma yake akamtazama anavyochanganya. Akatazama zile picha mpya ukutani. Akatazama ile ya zamani. Akaniangalia mimi, nikainamisha macho.

"Ntani," akasema. "Unga wangu huu unauonaje?"

Mzee akageuka, akauinamia ungo. Alikuwa mkweli siku zote, hata kwa utani. "Mzuri," alisema. "Ila umechanganya na mahindi? Una manjano."

Jirani mmoja alifunika mdomo kwa kanga. Bi Atija akaweka ungo chini taratibu, akashika kiuno, na mimi nikajua sasa anatukana kweli. Akaanza kucheka badala yake, kicheko kikubwa mpaka kuku wakakimbia.

"Njooni watu mtazame! Ntani wangu unga wa muhogo anauona manjano! Nzee, hilo si turubai, hilo jicho! Una ntoto wa jicho, tena ameshaota meno! Mimi mwaka juzi nilimtukana binti yangu hajui kufua, kila nguo chafu, kila nchele una rangi, kumbe uchafu upo humu!" Akajigonga shavu chini ya jicho. "Wamenitoa wangu wote wawili hospitali. Nilivyofumbuliwa nikaona nina nvi, nikataka kurudishiwa."

Watu waliachia kicheko walichokuwa wamekibana. Ndivyo utani ulivyo, wanangu. Kile ambacho kijiji kizima tulikimeza miezi na miezi, mtu mmoja alikuwa na haki ya kukitapika hadharani, na aliyetapikiwa hana haki ya kukasirika. Mzee alijaribu kucheka na wengine. Akaiweka brashi chini. Akatazama unga, akatazama mikono yake, akanitazama mimi.

"Somoe," akasema. "Unga ni mweupe?"

"Mweupe, Mzee."

"Na turubai?"

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananitoka.

Hapo Bi Atija alifanya jambo ambalo mpaka leo namshukuru kwa kila sala. Aliichukua ile picha kubwa kigingini, nzito vile ilivyo, akaikumbatia kabla buluu haijaigusa, akaingia nayo ndani. "Hii nimechukua! Ya utani! Ukitaka kuharibu, kaharibu kibanda chako!" Mlango ukafungwa. Mzee hakuinuka kumfuata. Njia yote ya kurudi alikaa kwenye kirikuu, amefumba macho, anafumbua jicho moja, anafumba, anafumbua lingine.

Hospitali walimtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, baadaye la kushoto. Siku alipofunguliwa lile la kwanza hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa Athumani dobi, akamwomba radhi, Athumani hakuelewa kitu ila alishukuru. Kisha akaja kwenye chumba chake cha kazi, ambako nilikuwa nafagia. Alisimama katikati. Akazunguka ukuta mmoja, wa pili, wa tatu. Picha zote buluu ya ndoo.

"Nani amechora hizi?" aliuliza.

Alikaa chini, sakafuni, mtu mzima vile, akaegemea mguu wa meza. Nilikaa karibu naye. Tukakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Nilimhurumia, na nitasema ukweli, nilikuwa na hasira pia, si kwake, kwa sisi sote tuliosema nzuri sana, Mzee.

Alijaribu kuziosha kwa mafuta ya taa na mengine ya kitaalamu. Buluu ilipotoka, ilitoka na vijivu vya chini. Mbili tatu zilipona nusu. Picha pekee iliyobaki nzima kwenye kazi ya maisha yake ilikuwa kwa Bi Atija Kitaya, ukutani, juu ya magunia ya mpunga.

Tulikwenda kuiomba. Bi Atija alikuwa barazani, hakuinuka. "Cha utani nikirudishe, kwani nimekopa? Unataka kuiona, njoo. Uje na sukari, siku ukija mikono mitupu nafunga nlango." Mzee akasema aliitaka kwa sababu hajui tena kama anaweza kuchora vile. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kwa mtani wake, mbele yangu. Bi Atija akaacha utani kwa muda mfupi kuliko wote niliowahi kuuona, akamwambia, "Basi ikae hapa, uje ujifunze kwake."

Ndivyo alivyofanya. Niliandaa turubai jipya, kwa marekani yangu, chaki yangu, gundi yangu ya sufuria ile mnayotaka kuchemshia chai. Nililifikisha Kitaya, nikaliweka kigingini juani. Mzee alilipitishia kiganja kutoka juu mpaka chini.

"Somoe," akasema. "Jeupe."

"Ni jeupe siku zote, Mzee."

"Najua," alisema. "Sasa najua." Akaushika mkono wangu akauweka juu ya turubai, mkono juu ya mkono. Hakuna siku niliyolipwa zaidi ya hiyo.

Alikuwa anakwenda kila alipoweza, na sukari yake, anaitazama picha ya zamani kisha anatazama mbingu kisha anachora. Mkono ulikuwa umezeeka na mawingu hayakutoka kama yale. Yalikuwa mepesi zaidi, yamekaa mbali. Alipomaliza tuliziegemeza zote mbili ukutani, ya zamani na mpya, akakaa kwenye kigoda.

Walisimama wakulima wawili wenye majembe. Wakatazama. Mmoja akafungua kinywa, nami nikafumba macho nisije nikasikia nzuri sana.

"Ile ya zamani inanyesha," alisema. "Hii mpya, ndugu yangu, hatupati kitu."

"Hatupati nini? Hiyo ndiyo yenyewe. Hiyo inakuja na usiku, utalowa na mpunga wako."

"Usiku? Huoni upepo wake unavyoelekea?"

"Upepo unaujua wewe?"

Majembe yakawekwa chini. Mwingine akaja, akawaona wote wajinga. Bi Atija akatoka jikoni akidhani kuna watu wanapigana, ameshika mwiko, akaanza kuuliza kwa sauti kuna nini hapo kwake.

Mzee Mawingu akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza, mtani," alisema. "Wanabishana."